Askari wa farasi aliyemo kwenye simu zetu hakufia Mahiwa

Kuna picha ya kale inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp huku Kusini, kuanzia Mtwara mjini hadi Nachingwea. Ni ya kijana wa Kizungu aliyeketi kitini, koti fupi la kijeshi limefungwa vifungo hadi shingoni, upanga uliopinda umelala mapajani, kofia ameiweka juu ya goti. Mashavu yamepakwa wekundu kidogo na vifungo vinang'aa rangi ya dhahabu. Imezungukwa na fremu ya shaba iliyokatwa umbo la yai. Maelezo yanayoambatana nayo hubadilika kila inapotumwa upya: mara ni mpanda farasi wa Mjerumani aliyeuawa kwenye mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, mwaka 1917, mara ni Mwingereza aliyezikwa Nyangao, mara ni ofisa aliyefukia mali kabla ya kuvuka Ruvuma, na namba zilizoandikwa nyuma ya picha ndizo zinazoonyesha mahali.

Watu wanauliza kaburi lake liko wapi. Wengine wanataka iwekwe kumbukumbu. Shauku hiyo naielewa, maana Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita hapa hapa kwetu na vilimwaga damu nyingi. Lakini kijana huyu hahusiki navyo. Ni Mmarekani, na alipigwa picha wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, kati ya 1861 na 1865. Picha yenyewe inayasema hayo, na yeyote mwenye subira anaweza kuisoma.

Tuelewane kwanza kwa maneno mawili matatu. Picha ya studio ni ile ambayo mtu alikwenda mwenyewe kwa mpiga picha, akapangwa, akalipa. Askari wa farasi ni yule ambaye kazi yake ni kupigana au kupeleleza akiwa juu ya farasi. Si kila askari aliyewahi kupanda farasi. Na negativu ni picha ya kinyume, cheupe kikiwa cheusi na cheusi kikiwa cheupe, ambayo kutokana nayo unaweza kutoa nakala nyingi upendavyo.

Sasa, tukisema picha ya kale wengi tunawaza karatasi. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Upigaji picha ulipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, picha ilikuwa kipande cha shaba kilichopakwa fedha. Miaka ya 1850 zikaja za kioo, kisha mwaka 1856, huko Marekani, za bati: kipande chembamba cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, kikamwagiwa dawa, kikaingizwa kwenye kamera kikiwa bado kibichi. Picha za aina hizi tatu hazina negativu. Bamba lililokuwa ndani ya kamera ndilo hilo hilo ambalo askari aliondoka nalo mfukoni au alilomtumia mama yake kwa posta. Bati lilikuwa rahisi kwa bei na halivunjiki, ndiyo maana wapiga picha walilibeba hadi kwenye kambi za jeshi.

Kwa kuwa hakuna negativu, picha ya bati, kama hii ya kijana wetu, hutoka imegeuka. Chukua muhuri wa ofisi ya kijiji, utazame uso wake wa mpira: maandishi yote yako kinyume, na hunyooka pale tu unapougonga kwenye karatasi. Picha ya bati ni muhuri ambao haujawahi kugongwa. Mkono wa kulia unaonekana wa kushoto. Upanga, ambao mtu anayetumia mkono wa kulia huuning'iniza ubavu wa kushoto, unaonekana umening'inia kulia. Koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukilala juu ya wa kulia; kwenye picha hii ni kinyume.

Kuza sasa ile kofia iliyo gotini. Mbele yake kuna panga mbili zilizopishana, alama ya wapanda farasi wa jeshi la Marekani. Juu ya panga kuna herufi moja ndogo ya shaba, D, ikiwa imegeuzwa, tumbo lake likitazama upande usio wake. Hiyo ni herufi ya kombania yake, yaani kundi lake ndani ya kikosi. Hapo ndipo pa kukazia macho, kwa sababu upanga na mkanda peke yake havitoshi kuthibitisha kitu: baadhi ya askari walijua kwamba picha ingegeuka, hivyo walivaa mkanda upande usio wake makusudi ili picha itoke sawa. Herufi ya shaba iliyobanwa kwenye kofia si kitu cha kugeuzwa kirahisi hivyo.

Linganisha na tarehe tunazozijua hapa nyumbani. Vita vile vya Marekani viliisha mwaka 1865. Livingstone alishuka Mikindani mwaka 1866. Ujerumani haikuwa dola moja hadi 1871, na lile boma la Mikindani, ambalo leo ni hoteli, lilijengwa mwaka 1895. Kati ya siku kijana huyu aliyoketi mbele ya kamera na siku bunduki zilipolia Mahiwa kuna zaidi ya miaka hamsini.

Amefikaje kwenye simu za Lindi? Njia si ngumu kuidhania. Maktaba ya Bunge la Marekani inatunza mamia ya picha za namna hii, za bati na za kioo, ambazo familia ya Liljenquist ilianza kuikabidhi mwaka 2010. Nyingi zimewekwa mtandaoni zikiwa safi kabisa, na mtu yeyote anaweza kuzipakua. Anayetaka picha ya askari wa zamani ya kupamba habari yake anachukua moja, anaiwekea maneno, safari inaanza. Na ukizipitia utaona jambo la kuhuzunisha: wengi wa wanajeshi wale hawajulikani majina hata huko kwao, licha ya sensa zao na orodha zao za vikosi. Familia ilipokwisha, jina likaenda nayo.

Farasi na mbung'o

Hata bila kuitazama kofia, neno "mpanda farasi" lingetosha kututia shaka. Huku kwetu kuna mbung'o. Ugonjwa wa nagana unaosambazwa na mdudu huyu ndio uliofanya farasi wasiweze kuishi katika sehemu kubwa ya Kusini, na majeshi ya Ulaya yalijifunza hilo kwa hasara kubwa. Jenerali Jaap van Deventer alitoka Arusha na wapanda farasi wa Afrika Kusini akafika Kondoa Irangi mwezi Aprili 1916. Njiani na baadaye, farasi walikufa kwa maelfu kwa nagana, njaa na uchovu. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi yote ya Waingereza huku mwaka 1917, wakati wa Mahiwa, na kufikia hapo alikuwa anategemea zaidi askari wa miguu. Vikosi vidogo vya wapanda farasi vilitumika hata Kusini, lakini vita vya huku vilibebwa na miguu ya watu. Machi 1916 meli ya Kijerumani Marie ilipenya hadi ghuba ya Sudi ikiwa imejaa silaha na risasi, na shehena ile iliondoka pale ikiwa vichwani mwa wapagazi.

Kwa hiyo picha ya Mjerumani juu ya farasi akiwa na kofia pana ya jua, ambayo nayo husambazwa kama "Mjerumani wa Tanganyika", mara nyingi ni ya Namibia. Huko jeshi la kikoloni la Ujerumani lilikuwa kwa sehemu kubwa la wapanda farasi, kwa kuwa nchi ni kavu na farasi wanaishi.

Kuna kosa jingine, linalowapata hata wanaozijua picha za vita vya 1914 hadi 1918. Wanamwona askari wa Kiingereza ana vyuma vya kuchochea farasi visiginoni, mkanda wa risasi umepita begani hadi kiunoni, suruali ya kupandia farasi, wanasema moja kwa moja: huyu ni askari wa farasi. Sivyo lazima. Madereva wa magari ya farasi yaliyobeba chakula na risasi walivaa hivyo, na waendesha farasi waliovuta mizinga pia. Hata vile vitambaa vya kuzungushia miguu, ambavyo watu wa farasi walivianzia gotini kushuka chini na askari wa miguu wakavianzia kifundoni kupanda juu, vinakuambia tu kwamba mtu alifanya kazi na farasi. Kinachotaja kikosi ni beji ya kofia.

Nani kasema aliuawa?

Swali hili ndilo watu hulipita haraka kuliko yote. Picha ya studio hupigwa mtu akiwa hai, mara nyingi wiki chache baada ya kupewa sare au siku za mwisho kabla ya kuondoka. Kwa hiyo ndani ya picha hakuna kinachoweza kukuonyesha kwamba mtu huyu alikuja kuuawa. Kifo chake, kama kilitokea vitani, kiko kwenye kitu kingine kilichokuja baadaye: barua kutoka kikosini, orodha ya waliokufa, jiwe la kaburi, kadi ya msiba yenye ukingo mweusi, au mwandiko wa ndugu nyuma ya picha.

Mwandiko huo nao uhojiwe. Uliandikwa na nani, lini? Mama aliyeandika mwaka ule ule ni shahidi. Mjukuu aliyeandika miaka sitini baadaye amesikia tu. Muuzaji wa vitu vya kale ana sababu nyingine kabisa, kwani picha ya askari mwenye jina na kifo cha vitani hununuliwa kwa bei kubwa kuliko ya kijana asiyejulikana. Ukiona "aliuawa vitani" imeandikwa kwa kalamu ya bolpeni nyuma ya kadi ya mwaka 1865, ujue maneno hayo yaliandikwa wakati kalamu hizo zilipokwisha kuzagaa madukani, yaani katikati ya karne ya ishirini au baadaye.

Kwa askari wa Kiingereza na wa makoloni yake, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni ambayo mtu anaweza kutafuta jina bila malipo. Kwa Wajerumani kuna taasisi yao ya makaburi, Volksbund, nayo ina orodha. Usishangae ukikwama hata hivyo. Faili nyingi za wanajeshi wa Uingereza wa vita vya kwanza ziliungua London kwa mabomu ya Septemba 1940, na kumbukumbu za jeshi la Prussia, sehemu kubwa ya Ujerumani ya wakati ule, ziliteketea Potsdam mwaka 1945.

Namba, vyuma vya miguuni na mali ya Mjerumani

Huku Kusini hakuna kinacholeta shida kuliko namba zilizo nyuma ya picha. Zikionekana, watu wanawaza ramani. Ukweli wake ni wa kibiashara. Picha za karatasi zilipoanza kubandikwa kwenye kadi ngumu, katika miaka ya 1850 na 1860, mpiga picha alihifadhi negativu ya kioo na kuipa namba kwenye daftari lake. Mteja akirudi baada ya mwaka kutaka nakala za kuwagawia ndugu, alitaja namba ile, kioo kikashushwa kutoka kwenye rafu. Kadi nyingi za Ujerumani zina sentensi iliyochapwa kabisa nyuma inayosema hivyo: bamba limehifadhiwa kwa ajili ya nakala zaidi. Chini yake jina la studio na mtaa. Namba ni ya rafu.

Sitawacheka wanaochimba. Tumaini lao lina mzizi: mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa, waligonga Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na sarafu hizo zipo kweli. Lakini kutoka hapo hadi kuamini kwamba kijana wa Kimarekani alitoboa siri ya shimo la dhahabu la Newala ni mbali sana, na watu wamepoteza mashamba na akiba kwa kuwalipa wanaojidai kuzisoma namba hizi.

Uvumi mwingine unahusu chuma kinachochungulia nyuma ya visigino vya mtu aliyesimama. Inasemwa kwamba ni ishara kwamba aliyepigwa picha ni maiti iliyosimamishwa kwa nguzo. Chuma hicho ni kitako cha kishikio cha kichwa. Mtu alitakiwa kutulia kwa sekunde kadhaa, na kichwa kikitikisika uso unatoka ukungu, hivyo mpiga picha aliweka nguzo yenye koleo nyuma ya kisogo ili kumsaidia. Kifaa chenyewe hakiwezi kubeba uzito wa mtu aliyekufa. Maiti zilipigwa picha kweli zama hizo, ila mara nyingi zikiwa zimelazwa kitandani au jenezani, na za watoto zikipakatwa. Kutotabasamu nako kusikutishe: sekunde hizo ni nyingi mno kushikilia tabasamu, na picha ilikuwa jambo zito la kuvalia nguo nzuri. Farasi ndiye asiyetulia kabisa, ndiyo maana askari wengi wa farasi wa miaka ile walipigwa picha studio bila farasi.

Na kuna jambo jipya, ambalo naliona ni baya kuliko uvumi wote huo. Siku hizi mtu anapokea picha yenye ukungu, anaitia kwenye programu ya simu ya kusafisha picha, inarudi ina macho makali, kope, vifungo vyenye nakshi na beji inayosomeka. Programu haikuyaona hayo. Imeyabuni kwa kukisia kutokana na picha nyingine ilizolishwa. Toleo jingine la picha hii ya kijana wetu lina kitu kinachofanana na tai wa Kijerumani mahali palipokuwa na panga mbili zilizopishana, na hilo ndilo linalotumwa zaidi. Kabla ya kubishana juu ya beji, tafuta nakala iliyochakaa, ile mbaya kuliko zote, uitazame hiyo.

Ukiwa na picha ya kweli nyumbani

Zipo, hasa kwenye nyumba za zamani za Mikindani, Lindi na Kilwa, na si za Wazungu peke yao. Tangu karne ya kumi na tisa Zanzibar ilikuwa na studio za Wagoa, yaani watu waliotoka Goa huko India, ya A. C. Gomes ikiwa mojawapo ya zinazojulikana, na picha zao zilisafiri pwani yote. Dar es Salaam alikuwepo Walther Dobbertin, aliyepiga picha nyingi za jeshi la Wajerumani hadi alipokamatwa mwaka 1916. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na kamera. Sehemu ya picha za enzi hizo inaonekana mtandaoni kupitia Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani na maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, kwa hiyo ukishuku yako ni nakala ya picha inayojulikana, unaweza kulinganisha.

Usiipeleke steshenari kulaminishwa. Nalisema kwa mkazo, maana nimeona picha nzuri zikiharibiwa hivyo: joto la mashine linapika karatasi, gundi inashikana na picha moja kwa moja, na nyuma hakusomeki tena vizuri. Usiibandike selotepu. Usiifute kwa kitambaa chenye maji. Ya bati na ya kioo huchubuka kwa kidole tu. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu wa pwani ukifungiwa ndani huzaa ukungu. Ipige picha mbele na nyuma, rula ikiwa pembeni, ukiwa karibu na dirisha na bila mwanga wa kamera. Ukidhani ni ya bati, sogeza sumaku ndogo nyuma yake bila kuigusa: chuma kitavutwa, kioo na karatasi havitavutwa. Ikiwa ni kadi ya posta yenye mstari unaogawa mgongo katikati, upande wa ujumbe na upande wa anwani, basi si ya kabla ya 1902 kama ni ya Uingereza, wala ya kabla ya 1905 kama ni ya Ujerumani.

Waliokufa Mahiwa

Mapigano ya Mahiwa yalidumu kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, karibu na Nyangao, kandokando ya barabara tunayopita leo kwenda Ndanda na Masasi. Upande wa Waingereza zaidi ya watu 2,500 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea, kati ya karibu 5,000. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alishinda siku zile, lakini alipoteza watu na risasi ambazo hakuwa na pa kuzipata tena, na Novemba 25 mwaka huo akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Waliopigana pale, pande zote mbili, wengi walikuwa Waafrika: Wanaijeria, askari wa King's African Rifles (jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika), na askari wa Mjerumani waliotoka katika nchi hii. Nyuma yao walikuwa wapagazi, ambao vifo vyao kwa upande wa Waingereza katika vita vyote vya Afrika Mashariki wanahistoria wengi wanavikadiria kuwa karibu 100,000, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Wengi wao hakuna aliyewapiga picha kwa majina yao. Mwaka 2021 Tume ile ile ya Makaburi ya Vita ilitoa ripoti ikakiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Iliahidi kuyatafuta majina hayo.

Ndiyo maana picha ya kijana wa Kimarekani inaniuma inapowekwa maneno "shujaa wa Mahiwa". Inakalia nafasi ya mtu mwingine. Ziko familia Mtama, Nyangao na Chiwata zinazojua kwamba babu wa babu alichukuliwa kubeba mizigo asirudi, na hazina picha. Zina jina lake, jina la baba yake, kijiji alichochukuliwa, ukoo, pengine na jina la mto ambako wenzake waliorudi walisema walimwacha. Hayo ndiyo yanayohitajika kuanza kumtafuta mtu kwenye orodha za vikosi na kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na ukiyaandika, taja pia aliyekusimulia ni nani na mwaka aliokusimulia.